Zawadi ya Kurudishiwa Nusu

Siku mtoto wa Mjapani alipotimiza siku ishirini, ofisi ya mtaa ilifanya jambo ambalo haijapata kulifanya tangu iezekwe bati: ilifunguliwa saa mbili kamili asubuhi. Mzee Mrisho alipofika alikuta viti vimepangwa, meza imefutwa vumbi, na mtendaji wa mtaa, kijana Ashrafu, kavaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake. Mrisho akajua hapa kuna mtu anataka kitu. Miezi sita nyuma, alipofiwa na mkewe, alikuja ofisi hii hii siku tatu mfululizo kutafuta barua ya kuthibitisha kifo, na siku zote tatu alipokewa na kufuli. Walizoeana, yeye na kufuli lile, hata siku ya tatu ilibaki kidogo aliulize habari za nyumbani.

"Shikamoo, Mzee Mrisho. Karibu, karibu kiti."

"Marahaba. Leo napewa kiti? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee wangu. Kuna aliyezaliwa!"

Aliyezaliwa alikuwa Akari, binti wa Bwana Morita, mtaalamu wa visima aliyepanga nyumba kandokando ya njia ya kwenda Kaole. Mrisho alikuwa mtunza bustani wa nyumba hiyo. Kwa mwaka mzima mtaa mzima uliwaita watu wale Wachina, na ofisi iliwaandika Wachina hata kwenye barua. Ilipojulikana kwamba Bwana Morita ndiye atakayependekeza kisima kipya kichimbwe mtaa gani, Uchina ukaisha siku hiyo hiyo.

Kamati ya zawadi ilikuwa na watu watano, na Mrisho akawa wa sita, "mjumbe maalumu," maana yake mjumbe asiye na posho.

Ashrafu akasimama. "Ndugu wajumbe, suala la zawadi ya mtoto ni suala mtambuka. Tusilichukulie kienyeji. Mimi nimeperuzi kwenye simu usiku kucha. Wenzetu Wajapani wana mila. Ukimpa mtoto wao zawadi, baada ya kama mwezi wanakurudishia kitu cha thamani ya nusu yake. Ni lazima. Asiporudisha, kwao ni aibu."

Viti vikalia, watu walivyojisogeza mbele.

"Nusu?" akauliza mwenyekiti, Bi Kuruthumu, mama wa miraba minne aliyekuwa akisinzia tangu dua ya kufungulia kikao. "Kwa hiyo tukitoa mbuzi tunarudishiwa nusu mbuzi? Upande wa kichwa au wa mkia?"

"Thamani, mwenyekiti. Thamani."

"Mimi nauliza tu, nisije nikapewa utumbo."

"Wanarudishia kila mtu?" Mrisho akauliza.

"Kila mtu. Labda ndugu wa ndani kabisa, wale ambao huwezi kuhesabiana nao. Hao wanaweza wasirudishiwe." Ashrafu akaifuta hewa kwa mkono, jambo hilo halikumhusu. "Sasa tufikirie kimkakati. Mtu kazi yake ni visima. Tukimpa zawadi nzito, nusu yake itakuwa nini?"

"Shimo," akasema Mrisho.

Wajumbe wakacheka. Ashrafu hakucheka, aliandika.

Mjumbe mmoja, Mohamedi, muuza vifaa vya ujenzi, akapendekeza picha kubwa ya ofisi ya mtaa yenye fremu, na wajumbe wakiwa wamesimama mbele. Bi Kuruthumu akamwuliza kama mtoto wa siku ishirini anaangalia picha au ananyonya. Mwingine akataja mlango wa kuchonga. Mwingine akataja kombe kama la mpira. Saa nzima ikapita, na katika saa hiyo hakuna aliyeuliza mtoto mwenyewe anahitaji nini, wala mama yake analalaje, wala kama maziwa yanatoka. Mrisho alikaa akiwaangalia akajisemea moyoni, ndio maana nchi ina mikutano mingi.

Mwishowe Ashrafu akatoa kile alichokuja nacho tangu mwanzo. Katika stoo ya zahanati kulikuwa na kitanda kidogo cha kichanga, cha magurudumu, kizuri, ambacho hakitumiki.

"Hakitumiki kwa nini?" akauliza Mrisho. "Watoto wameisha?"

"Hakijazinduliwa, mzee. Kililetwa mwaka juzi. Tunamsubiri mgeni rasmi."

"Na watoto wanaozaliwa wanalala wapi?"

"Na mama zao. Ni vizuri kwa mapenzi."

Habari za mgeni rasmi Mrisho alikuwa anazijua. Usiku presha ilipompanda mkewe Mwanahija, alimkimbiza zahanati hiyo hiyo, akaambiwa mgonjwa apelekwe Dar haraka. Gari la wagonjwa halikuwepo. Lilikuwa limekwenda kubeba viti na turubai, kesho yake kulikuwa na mgeni rasmi. Alikaa na mkewe kwenye benchi wakisubiri viti vishushwe. Aliyewachukua mwisho ni Morita kwa gari lake, na mkewe Sayaka akakaa nyuma, kichwa cha Mwanahija mapajani. Walipofika Kerege Sayaka alisema taratibu, "Mzee Mrisho, mama ameacha kunishika mkono." Basi. Habari yenyewe fupi hivyo. Kesho yake mgeni rasmi alikuja, akakalia kiti.

"Mzee Mrisho uliwahi kuwa fundi seremala," Ashrafu akasema. "Kitanda utakipaka rangi. Kiwe kama kipya."

"Na malipo?"

"Mzee wangu, hii ni ya mtoto jamani!"

Kitanda kililetwa kwake kwa toroli. Mrisho akakipindua kukisugua, na chini kabisa, kwenye ubao wa kitako, akaona karatasi imegandishwa: nyeupe, katikati duara jekundu, na maandishi madogo madogo kama nyayo za sisimizi. Mrisho shule aliishia darasa la nne, kusoma kwake ni kwa kubahatisha, lakini duara lile halitaki shule. Lilikuwa ubavuni mwa gari la Morita.

Akampigia Ashrafu simu. "Bwana mkubwa, kitanda chako kina bendera yao chini. Wenyewe ndio walioleta."

"Piga rangi juu yake."

"Tunawapa Wajapani zawadi ya Wajapani, kisha tunangoja nusu?"

"Mzee, usiingie sana kwenye sera. Piga rangi."

Basi Mrisho akapiga rangi. Alipaka kila mahali panapoonekana na jicho, akaacha kila mahali pasipoonekana, kama barabara inavyotengenezwa msafara ukitarajiwa. Hakuna wa kumlaumu. Alijifunza kwa wakubwa.

Lakini hicho kilikuwa kitanda cha kamati. Lililomkosesha usingizi Mrisho ni zawadi yake mwenyewe.

Yale maneno ya Ashrafu, kwamba ndugu wa ndani hawarudishiwi, yalimkaa kama mwiba wa samaki. Mwanahija ndiye alikuwa mpishi wa nyumba ile, na ndiye aliyejua kwamba Sayaka ana mimba kabla ya mumewe kujua, kabla hata ya Sayaka mwenyewe. Alimwona siku moja anausukuma mbali wali wa nazi, akamwambia, "Wewe mwanangu una mgeni." Tangu siku ile ikawa ndimu, tangawizi, ukwaju, na mafunzo: usilale chali, usipite na maji ya moto mlangoni, ukijifungua usitoke mpaka arobaini. Sayaka akamwita Mama, na Kiswahili chake chote alikichukua kinywani mwa Mwanahija, pamoja na "jamani" na "wallahi" zake. Mwanahija akarudi nyumbani kila jioni akitamba: "Mjukuu wangu huyo nitambeba mgongoni mwenyewe, kwao hawajui kubeba." Walizaa watoto wawili, yeye na Mrisho, na wote wawili hawakufika mwaka. Mjukuu lilikuwa neno geni mdomoni mwake, akawa analitumia ovyo kama mtu aliyenunua viatu vipya.

Sasa yeye hayupo. Amebaki Mrisho, mtunza bustani. Akitoa zawadi na Wajapani wakamrudishia nusu, basi mambo yamekwisha, Mwanahija alikuwa mpishi na yeye ni mtu wa majani. Wasipomrudishia, Mwanahija alikuwa na mjukuu. Wenzake wote kwenye kamati walikuwa wanaomba warudishiwe. Yeye peke yake alikuwa anaomba asirudishiwe, na hakujua dua hiyo inaombwaje.

Zaidi ya hapo, zawadi ya uzazi si kazi ya mwanamume. Mke ndiye anayejua. Mwanamume anatoa hela na kuuliza "mmenunua?" Sasa mjane wa kiume anaanzia wapi? Akamwita dada yake, Sihaba.

"Beseni, poda na sabuni ya mche," akasema Sihaba bila kufikiri. "Nipe mimi nitakupelekea."

"Hayo atapelekewa na kila mtu."

"Kwa sababu ndiyo yanayopelekwa, kaka! Wewe ulitaka kumpelekea nini, jembe?"

Mrisho akaingia ndani, akatoka na upande mmoja wa kanga. Nyekundu iliyofifia, pindo jeusi, jina lake limefutika kwa kufuliwa. Ilikuwa doti. Upande wa kwanza ulimsitiri Mwanahija alipokuwa akioshwa, ukaondoka na waoshaji. Upande wa pili ndio huu. Ndio aliokuwa akijifunga jikoni kwa Sayaka, na ndio aliosema atambebea mtoto.

Sihaba akashika kiuno. "Kaka Mrisho. Nguo ya marehemu. Unampelekea mtoto mchanga."

"Nguo za marehemu hugawiwa. Wewe ulichukua mabuibui mawili na viatu."

"Tuligawana sisi ndugu!"

"Ndiyo hivyo."

"Na kanga ya upande mmoja! Nani anatoa kanga ya upande mmoja? Watu watasema umeokota. Watasema umempelekea mtoto wa watu mkosi."

"Watu hao hao wanampelekea kitanda cha wizi, na hujasikia neno mkosi."

"Wallahi ukipeleka hiyo mimi simo."

"Hukuombwa kuwemo. Uliombwa ushauri."

"Ushauri nimekupa. Beseni!"

Arobaini ilipofika, Sayaka akatoka nje na mtoto kama alivyofundishwa, amejifunika mtandio, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Kamati ikaja na kitanda kimefungwa utepe, mpiga picha, na spika ya kukodi. Ashrafu akahutubia dakika arobaini, moja kwa kila siku ya mtoto. Akasema mtaa umejinyima. Akasema kitanda kile ni jasho la wananchi. Mrisho, aliyesimama nyuma ya mipapai na jembe lake, akaona hapo kuna ukweli kidogo, rangi alipaka yeye na jasho lilimtoka.

Morita, mtu mfupi mwenye miwani, akainama, akainama tena. Kisha akafanya kile anachokifanya kwa kila pampu na kila bomba akiliona: akapiga magoti na kuchungulia chini. Akakaa huko chini kwa muda. Ashrafu akaendelea kuhutubia kisogo chake. Morita alipoinuka uso wake haukuwa na kitu. Akainama mara ya tatu, akasema, "Tumeshukuru sana."

Watu walipoondoka Mrisho akapita mlango wa jikoni, kanga imefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amejitayarishia maneno tangu alfajiri, lakini yakampotea yote.

"Mama Akari, hii... basi tu. Ya mtoto."

Sayaka akapokea kwa mikono miwili, akafungua. Akaiangalia. Akaiweka usoni, akakaa nayo hivyo muda mrefu mpaka Mrisho akaanza kuhesabu sufuria ukutani. Alipoishusha, macho yamekuwa mekundu.

"Asante, Mzee Mrisho. Asante sana. Asante. Asante sana sana jamani."

Mrisho akarudi bustanini roho haijatulia. Asante zilikuwa nyingi mno. Hakuna anayemshukuru hivyo mtu wa nyumbani.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Sayaka alikuwa na daftari la zawadi, dogo, la jalada la maua, na kila mchana mtoto akilala alikaa barazani na kuuliza.

"Mzee Mrisho, beseni kubwa sokoni bei gani?"

Mrisho anamtajia.

"Na poda ile ya kopo la bluu?"

Anamtajia.

Siku moja, akiwa anapalilia mchicha, akasikia: "Na kanga? Kanga ni bei gani?"

Jembe likasimama. Mrisho akaegemea mpini.

"Inategemea," akasema.

"Ya upande mmoja?"

"Upande mmoja hauuzwi."

Sayaka akaandika kitu, akakata, akaandika tena. Mrisho akaung'oa mchicha wote, na magugu akayaacha.

Siku ya kurudisha ilitangazwa na Morita kwa barua yenye muhuri, na kwa mara ya pili katika historia ofisi ikafunguliwa saa mbili kamili. Ashrafu alikuwa ameshawaambia watu kisima ni chetu, kilichobaki ni mahali pa kukiweka, na yeye aliona nyuma ya nyumba yake pana nafasi. Bi Kuruthumu alikuja na mfuko mkubwa, mtupu.

Gari la Morita likasimama. Morita akasimama mbele na karatasi. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kilichonyooka kama rula.

"Ndugu zetu. Tulipewa kitanda kizuri sana. Chini tuliona alama. Tulifurahi sana. Tuliuliza nyumbani Japani. Kitanda hiki kilichangwa na wazee wa mji mmoja, kwa ajili ya zahanati yenu. Wazee wale wanauliza kila mwaka, kitanda kimelaza watoto wangapi? Hakuna aliyewajibu. Nyinyi mmetukumbusha wajibu wetu kwa busara kubwa."

Hakuwa anakejeli. Hapo ndipo palipokuwa pabaya. Angekejeli, Ashrafu angejua pa kukasirikia. Mtu yule aliamini kabisa kwamba kamati ilikuwa imemfumbia jambo kiungwana.

"Kwa hiyo sasa tunarudisha nusu, kwa desturi yetu. Tumenunua godoro lake na shuka sita. Leo asubuhi tumekipeleka zahanati. Tumewapelekea wazee wetu picha. Saa moja na nusu mtoto wa kwanza amelala. Wa kiume."

Kisha wanawake waliokuja kutazama wakapiga vigelegele, na Ashrafu, mtu mwepesi kusoma upepo, akapiga makofi kuliko wote na kusema kwamba huo ndio ulikuwa mpango tangu mwanzo.

"Na kisima?" akauliza Bi Kuruthumu kwa sauti ya chini ambayo iliwafikia watu mpaka barabarani.

"Kisima kinakwenda Fukayosi," akasema Morita. "Huko maji ni mbali zaidi. Iliamuliwa kabla Akari hajazaliwa. Hamkuambiwa? Barua ililetwa hapa ofisini."

Ashrafu akakohoa. Barua ililetwa, naam. Labda ilikutana na kufuli.

Sayaka akapita kwa wajumbe mmoja mmoja akiwapa kila mtu kifurushi kilichofungwa vizuri mpaka mtu anaona haya kukifungua. Bi Kuruthumu hakuona haya.

"Taulo!" akasema. "Taulo la uso, sabuni na majani ya chai. Nusu ya kitanda ni taulo la uso?"

"Mwenyekiti, nusu ya kitanda imekwenda na godoro," akasema Mohamedi. "Hiyo ni nusu ya utepe."

Mrisho alikuwa amesimama nje, kwenye kivuli cha ukuta, anacheka peke yake. Kicheko cha namna ile hakijamtoka tangu afiwe. Sayaka akamaliza kugawa ndani, akatoka, akatazama huku na huku, akamwona. Akamjia. Mikononi alikuwa na kifurushi.

"Mzee Mrisho," akasema, akainama. "Kidogo tu. Pokea."

Mrisho akaacha kucheka. Akapokea, angefanyaje mbele za watu? Akasema asante. Akaenda nacho mpaka bustanini, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafungua. Taulo la uso. Sabuni. Majani ya chai. Sawasawa na cha Ashrafu. Hata rangi ya taulo ilikuwa ile ile, kwamba yeye, na mtu aliyemfungia ofisi siku tatu za msiba wake, mbele ya mtoto huyu ni rangi moja.

Alikaa pale mpaka gari la Morita liliporudi. Alifikiria kwenda zake nyumbani na kutorudi kesho. Hilo ndilo angelifanya siku zote, kununa ndiyo kazi aliyoifanya kwa muda mrefu kuliko useremala. Lakini alipofikiria kumpa Sihaba lile taulo, na Sihaba kusema si nilikwambia beseni, akaona bora aibu ya huku. Akakifunga kifurushi upya, vibaya, akaenda jikoni.

"Hodi."

"Karibu, Mzee Mrisho." Sayaka alikuwa ameketi na mtoto begani, nywele zimemsimama, analala macho wazi.

Mrisho akakiweka kifurushi mezani. "Nimekuja kurudisha."

Uso wa Sayaka ukabadilika. "Kibaya? Rangi si nzuri?"

"Kizuri. Ndiyo tabu yake."

"Nimekosea? Jamani, nimekosea nini?"

"Hujakosea. Ngoja." Mrisho akavua kofia, akaivaa, akaivua. "Hapa kwetu jirani akikuletea mchuzi, sahani yake hairudi tupu. Unatia chochote, hata ndimu mbili. Hilo mnalijua kwenu na sisi tunalijua. Lakini huyo ni jirani. Dada yangu Sihaba akiniletea mchuzi, sahani inakaa kwangu mwezi mzima, akija kuifuata anakuta kuku kailalia. Anatukana, anachukua sahani yake, kesho analeta mchuzi mwingine. Siku nikimrudishia sahani imeoshwa na ndimu mbili ndani, atakaa chini alie. Atauliza kaka, nimekufanyia nini?"

Mtoto akapiga chafya.

"Mama yangu alisema nisisahau mtu," akasema Sayaka polepole. "Kila mtu nimwandike. Mzee Mrisho ni namba kumi na saba."

"Baada ya nani?"

"Baada ya Bwana Ashrafu."

"Baada ya Ashrafu!" Mrisho akashika kichwa. "Na mama yako huyo, yeye hakuleta kitu?"

"Ameleta. Nguo nyingi, na blanketi."

"Ni namba ngapi?"

Sayaka akafungua mdomo, akaufunga. "Hana namba," akasema. "Yeye ni mama."

"Haya." Mrisho akaivaa kofia tena. "Ile kanga si yangu. Mimi ni tarishi. Mwenye kanga angekuja mwenyewe, lakini gari lilikuwa limebeba viti. Sasa taulo hili mimi nikampe nani?"

Sayaka akainuka, akalivuta daftari lake la maua juu ya jokofu, akalifungua. Kisha akaanza kutafuta kitu kwenye droo, hiki, kile, mtoto begani, mpaka Mrisho akauliza anatafuta nini. Alikuwa anatafuta rula. Kuna watu hata kufuta jina hawafuti bila rula. Akaipata, akailaza juu ya namba kumi na saba, akaikata kwa mstari ulionyooka, machozi yanamtoka anayapangusa kwa bega lililokuwa huru.

Akakichukua kifurushi mezani, akakitupia ndani ya droo pamoja na rula.

"Usiku mzima hakulala," akasema, tena kwa ukali, sauti ya Mwanahija kabisa. "Saa tisa analia, saa kumi analia. Mimi nimechoka wallahi. Mshike." Akamtia mtoto mikononi mwa Mrisho, akavuta ile kanga iliyokuwa kwenye mgongo wa kiti, akamrushia begani. Akaenda zake chumbani, akafunga mlango. Hakuinama. Hakusema asante.

Mrisho akabaki na mtoto katikati ya jiko, anaogopa kupumua. Akajaribu kumfunga mgongoni kama alivyomwona Mwanahija akifunga watoto wa wenzake, akashindwa mara mbili, mara ya tatu akamfunga kifuani, fundo baya kama la mzigo wa kuni. Akatoka naye nje, kwenye ua, anatembea hatua fupi fupi kati ya mipapai.

Ashrafu akapita njiani, taulo lake begani, anakwenda kutafuta mtu wa kumlaumu. Akasimama kwenye uzio.

"Mzee Mrisho! Na wewe umekuwa yaya?"

"Ndiyo hivyo."

"Umerudishiwa nini?"

"Mimi? Sikurudishiwa kitu."

"Hata sabuni?"

"Hata sabuni."

Ashrafu akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, huruma ambayo Mrisho aliitafuta kwenye ofisi yake siku tatu na hakuipata. "Dah. Watu hawa. Pole sana, mzee wangu. Pole sana."

"Nishapoa," akasema Mrisho, akamkanya ateremshe sauti, mtoto ndiyo kwanza anasinzia.